Mfuniko wa Uani: Kisa cha Mwenye Nyumba wa Tanga na Mali Alizochelewa Kuzikinga

Kisa hiki kilipita mikononi mwangu nikiwa mtu wa makaratasi katika ofisi ya wakili mjini Tanga. Majina nimeyaondoa, mitaa nimeichanganya, na viwango vya fedha nimevisogeza kidogo ila uwiano wake nimeuacha. Nakiandika kwa sababu haupiti mwezi bila mwenye nyumba kuja na swali lile lile: "Wakinishtaki, watachukua na nyumba ninayolala?"

## Usuli

Nitamwita Mzee tu. Alistaafu kazi ya mshahara akiwa na mali nne. Ya kwanza ni nyumba ya Chumbageni anayoishi na mkewe, yenye hati, na nyuma yake banda la vyumba viwili alilopangisha wanafunzi. Ya pili ni nyumba ya Kiswahili kule Ngamiani: korido katikati, vyumba vinne huku na vinne huku, uani choo, bafu na sehemu ya kupikia. Ya tatu ni nyumba nne ndogo za kujitegemea huko Kange, alizozijenga kwa mkopo; hati yake inalala benki. Ya nne ni kiwanja cha Pongwe, ambacho ushahidi wake ni karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa.

Kwa mwezi Ngamiani ilimpa shilingi 320,000, Kange 800,000, banda 120,000. Benki ilikuwa inakata 520,000. Fedha zote ziliingia kwenye simu moja, laini ile ile ya michango ya harusi, ada ya mjukuu na vocha. Daftari lilikuwepo, la shule, ambalo nusu yake lilikuwa na hesabu za mjukuu mwenyewe.

Wapangaji wa Kange walikuwa na mikataba ya maandishi kwa kuwa benki iliitaka. Wa Ngamiani walipanga kwa mdomo: kodi ya miezi sita mkononi, funguo, karibu. Bima ilikuwa moja tu, ya moto, ya Kange, nayo ilidaiwa na benki. Kampuni hakuna. Alipowahi kushauriwa afungue alijibu, "Mimi mtu wa vyumba, kampuni ya nini?"

Hali hiyo si ya ajabu hapa kwetu. Wenye nyumba wengi ninaowajua wako hivyo hivyo, na wengine hata daftari hawana.

## Mfuniko

Shimo la choo la Ngamiani lilichimbwa katikati ya uwanja wa uani, kwa sababu uwanja ni mdogo na kwingine kulikuwa na msingi wa jirani. Juu yake palimwagwa zege la inchi tatu. Fundi aliyelimwaga alitumia mchanga wa pwani, uliokuwa bei poa. Mchanga wa bahari usiooshwa huja na chumvi. Chumvi huanzisha kutu kwenye nondo. Na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, kwa hiyo hulipasua zege kutoka ndani. Chini yake, gesi ya shimo nayo hugeuka tindikali kwenye unyevu wa dari na kulila zege upande ambao hakuna anayeutazama. Mfuniko wa aina hiyo huoza kama embe la Muheza lililokaa sana sokoni: ganda zima, ndani kwishnei.

Mwezi wa nne mpangaji mmoja, mama wa watoto watatu, aliona ufa na rangi ya kutu. Akapiga picha, akamtumia Mzee kwa WhatsApp: "Shikamoo baba, huu mfuniko hauko vizuri, watoto wanacheza juu yake." Mzee akajibu: "Marahaba mwanangu, nimeona, nitamleta fundi."

Fundi alikuja kweli. Alitaja 850,000 za kuvunja na kumwaga zege jipya. Mzee akamwambia kwa sasa apige plasta tu, mvua zikipita watazungumza. Plasta iligharimu 45,000, na ikapendeza. Ufa haukuonekana tena.

Mtu akiniuliza kesi hii ilishindwa lini, sitataja siku ya mahakama. Nitataja siku hiyo ya plasta. Kuacha ufa wazi ni uzembe. Kuufunika baada ya kuonywa ni kuwanyima watu hata nafasi ya kuukwepa.

## Siku ya hitma

Miezi mitatu baadaye wapangaji walikuwa na hitma. Masufuria mawili makubwa ya pilau yaliwekwa kwenye mafiga uani, wanawake kama kumi wakaketi na kusimama kuyazunguka. Bibi mmoja wa miaka 58, aliyefika asubuhi hiyo kutoka Pangani, alisogea kuchota maji. Mfuniko ukakatika. Alizama hadi kiunoni, paja likavunjika juu karibu na nyonga. Alitolewa na vijana kwa kamba na ngazi, akapelekwa hospitali ya Bombo, kisha Dar es Salaam kwa upasuaji. Alikuwa muuza samaki wa kukaanga, kazi ya kusimama mchana kutwa. Tangu siku ile anatembea na gongo.

Hapo pana jambo la kulishika. Bibi hakuwa mpangaji. Hakuwa na mkataba na Mzee, wa mdomo wala wa maandishi. Wenye nyumba wengi huandika kwenye mikataba yao kifungu cha "mwenye nyumba hahusiki na ajali yoyote" wakadhani wamejikinga. Mgeni hakusaini kitu. Dai lake halitoki kwenye mkataba. Linatoka kwenye wajibu wa mwenye kulisimamia eneo kutowaumiza wanaoingia kwa halali. Tena uani ni sehemu ya pamoja, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka anayepangisha sehemu ya jengo atunze paa, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu wanazotumia wote.

## Wiki sita za maamuzi

Mzee alikwenda hospitali siku ile ile. Wiki iliyofuata wanaume wa pande mbili walikaa barazani kwa mjumbe, na Mzee akaandika kwa mkono wake: "Nitagharamia matibabu yote mpaka apone." Akatia sahihi, mashahidi wawili wakatia zao. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alishangaa swali lenyewe. "Mwanangu, mtu kaumia kwangu. Ningekaa kimya ningepita wapi?"

Alitoa jumla ya 3,200,000 katika wiki hizo. Kisha bili ya upasuaji ikaja, akaanza kuogopa, na hofu ndiyo iliyomleta rafiki.

Rafiki huyu, mfanyabiashara anayejua mambo, alimwambia mambo matatu. Kwanza, asilipe tena, wale watu watachoka. Pili, ahamishe mali haraka: Chumbageni kwa mke, Kange kwa mwanawe wa kiume. Tatu, afungue kampuni. Mwanawe akaongezea la kwake. Alikuwa akitazama video za Marekani zinazosema kila nyumba iwe na LLC yake (aina ya kampuni inayomkinga mwenye nayo na madeni ya kampuni), na juu yake bima moja pana. Video hazikudanganya, hizo ni njia za kawaida kule, na jimbo la Wyoming ndilo lililoanza kutunga sheria ya LLC mwaka 1977. Ila kijana alidhani dawa ya kukinga hutibu pia.

Basi ndani ya wiki tatu kampuni ikasajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni, kwa njia ya mtandao, Mzee na mwanawe wakiwa wanahisa na wakurugenzi. Hati mbili za zawadi zikaandaliwa. Ya Chumbageni ilipelekwa kusajiliwa. Ya Kange ilikwama, maana hati halisi iko benki, na benki haikuwa imeombwa idhini. Ofisa wa mikopo aliposikia mali iliyowekwa rehani inatolewa zawadi, alimwandikia Mzee barua akikumbusha kwamba kufanya hivyo ni kuvunja mkataba wa mkopo na kwamba deni lote linaweza kudaiwa kwa mara moja.

Kwa hiyo kufikia mwezi wa pili baada ya ajali Mzee alikuwa na wadai wawili badala ya mmoja.

## Mahakamani

Familia ya Bibi haikuchoka. Wakili wao alifanya upekuzi kwenye ofisi ya msajili wa hati, jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya kwa ada ndogo, akakuta maombi ya uhamisho wa Chumbageni yamepokelewa siku 26 baada ya ajali. Alifungua kesi ya madai akitaka gharama za matibabu, mapato yaliyopotea na fidia ya jumla, vyote vikifika 74,000,000. Pamoja nayo akaleta maombi ya kukamata mali kabla ya hukumu.

Maombi hayo hayakubaliwi hivi hivi tu. Mwombaji anapaswa kuionyesha mahakama kwamba mdaiwa anaondoa au kuhamisha mali kwa nia ya kukwamisha hukumu itakayotoka. Mara nyingi ni vigumu kuthibitisha nia. Hapa tarehe mbili ziliwekwa pamoja, ya ajali na ya zawadi, na nia ikaonekana bila shahidi. Mahakama ikazuia uhamisho wowote wa mali zote nne mpaka kesi iishe.

Viambatanisho vya upande wa pili vilikuwa vifupi: picha ya ufa, majibu ya Mzee kwenye WhatsApp, karatasi ya barazani, na fundi mwenyewe, aliyekubali kueleza kuhusu 850,000 na 45,000. Mjumbe alipoitwa kuzungumzia ile karatasi alisema maneno ambayo hayakuhitajika kisheria lakini yalibaki vichwani mwetu: "Kamba hukatikia pabovu, na pabovu alipajua."

Hapo ndipo Mzee alipoletwa ofisini kwetu.

## Tulipoweka karatasi mezani

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchora jedwali la mali: ipi inaweza kufikiwa na dalali wa mahakama, yule anayekamata na kunadi mali za walioshindwa kesi, ipi haiwezi, na kwa nini. Ilichukua jioni mbili. Jedwali lile lilibadili kila kitu, na nasikitika halikuchorwa kabla ya zile hati za zawadi.

Chumbageni: Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inaitoa kwenye orodha ya mali za kukamatwa nyumba, au sehemu ya nyumba, ambayo mdaiwa anaishi na mkewe na watoto wanaomtegemea. Maana yake nyumba ile ambayo Mzee aliihangaikia kuliko zote, akajichafua kwa kujaribu kuihamisha, ilikuwa tayari ndani ya ukuta wa sheria. Alipoelezwa alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo nilikuwa naficha kitu ambacho hakitafutwi?"

Nikalazimika kumwongezea tahadhari mbili. Kinga ile inafuata makazi, na sheria inasema "sehemu". Banda la wanafunzi si makazi yake, hivyo mdai angeweza kubishana juu yake. Pili, kinga hiyo ni dhidi ya mdai wa kawaida anayekazia hukumu, yaani anayetaka mali ikamatwe ili alipwe. Haimzuii mwenye rehani. Angekuwa ameiweka Chumbageni dhamana kwa mkopo wa Kange, hadithi ingekuwa nyingine.

Kange: inafikiwa, lakini benki iko mbele kwenye foleni. Mdai angeambulia kinachobaki baada ya mkopo, na kwa kuuza mnadani kinachobaki huwa kidogo. Ngamiani: iko wazi kabisa. Pongwe: iko wazi pia, ila kwa karatasi ile ya serikali ya mtaa mnunuzi wa mnadani angesita, ingawa kwa mauzo ya hiari ingepata bei.

Kampuni: ganda tupu. Haikumiliki hata bati moja.

Tulimshauri Mzee mambo ambayo hakuyapenda. Aondoe hati zote mbili za zawadi na mahakama ijulishwe. Aiandikie benki kukiri kosa. Apeleke ofa ya suluhu yenye fedha ya kweli ndani yake. Alisita kwenye la mwisho, kwa hoja ambayo naiheshimu: wapangaji waliweka masufuria mazito juu ya mfuniko, je, wao hawana sehemu yao? Wakili alimjibu kwamba hoja hiyo ipo na ingeweza kupunguza fidia, lakini ingesemwa na mtu aliyeupaka plasta ufa mbele ya hakimu mwenye picha ya ufa.

Mkewe ndiye aliyemaliza ubishi. Alikuwa amekaa pembeni siku zote hizo. "Baba fulani, uza Pongwe tulipe. Mimi siwezi kwenda sokoni nikakutana na yule mama."

## Matokeo

Usuluhishi wa mahakama, ambao kesi za madai hupitia kabla ya kusikilizwa, ulichukua vikao vitatu. Walikubaliana 27,000,000 zaidi ya zile 3,200,000 alizokwisha kutoa. Pongwe iliuzwa kwa hiari, kwa ruhusa ya mahakama, na 9,000,000 zikalipwa hapo hapo. Iliyobaki 18,000,000 iligawanywa kwa miezi 36, yaani 500,000 kila mwezi. Makubaliano yalisajiliwa mahakamani kama hukumu, zuio likaondolewa Chumbageni na Kange, likabaki Ngamiani mpaka deni liishe. Benki ilisamehe kwa maandishi. Fundi wa plasta hakudaiwa kitu. Hana leseni, hana mkataba, hana mali, na kwa kweli alisema ukweli siku aliyotaja 850,000.

Ukitoa marejesho ya benki na 500,000 za Bibi, Mzee anabakiwa na 220,000 za kodi na pensheni yake.

## Uchambuzi: vilivyofanya kazi

Karatasi ya barazani nimeifikiria sana. Mawakili wengi wangesema ni kosa tupu. Iliwapa wadai ahadi isiyo na kikomo, "mpaka apone", na mtu wa nyonga anaweza asipone. Tena ilifungua mlango wa pili wa dai. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3 kwa Sheria ya Ukomo, ya mkataba miaka 6. Ahadi ya maandishi ingeweza kudaiwa kwa ukomo ule mrefu. Hivyo hata ushauri wa "watachoka" ulikuwa bure.

Lakini ni karatasi hiyo hiyo iliyoifanya familia ya Bibi ikubali kukaa mezani baada ya mambo ya zawadi kufichuka. Kijana wa Bibi alisema wazi kikaoni: "Mzee alianza kiungwana, aliharibiwa na washauri." Kwa mtazamo wangu mwenye nyumba aende hospitali, atoe alichonacho, na akiandika aandike kiasi na tarehe, pamoja na maneno kwamba msaada huo unatolewa bila kuathiri haki za upande wowote. Kukaa kimya ili usionekane umekiri ni mbinu inayofaa kwa makampuni ya bima. Mtu wa Ngamiani ataipa jina lingine.

Kinga ya nyumba ya kuishi ilifanya kazi bila Mzee kuijua. Kuuza kiwanja kwa hiari badala ya kusubiri dalali kulifanya kazi pia: 9,000,000 zisingepatikana mnadani.

## Uchambuzi: vilivyoshindwa

Zawadi za baada ya ajali zimeshaelezwa. Naongeza moja tu. Hata kama uhamisho ungesajiliwa, usingekuwa mwisho. Mke au mtoto angelazimika kuleta pingamizi wakati wa kukazia hukumu na kuithibitishia mahakama kwamba mali ni yake kweli. Na Mzee akifilisika, Sheria ya Kufilisika ina njia ya kurudisha zawadi zilizotolewa kabla ya hapo. Mzee aliwahi kuniuliza pia kuhusu wakfu, aiweke Ngamiani kwa ajili ya wajukuu. Nikamwambia wakfu ni kutoa kweli, hairudi. Na yeye mwenyewe anajua zaidi yangu kwamba katika dini deni hutangulia hata mirathi.

Kampuni inahitaji maneno mengi zaidi, kwa sababu ndiyo watu wanayoiulizia. Msingi wake ni wa zamani: kesi ya Salomon, mtengeneza viatu wa Uingereza, mwaka 1897, ilisema kampuni ni mtu mwingine tofauti na mwenye hisa. Sheria yetu ya Makampuni ya mwaka 2002 inasimama juu ya wazo hilo. Kampuni ikimiliki nyumba na ikadaiwa, mwenye hisa hadaiwi zaidi ya hisa zake. Sasa tuipime kwa kisa hiki.

Tuseme Ngamiani ingekuwa ya kampuni miaka kumi kabla ya ajali. Je, Mzee angekuwa salama? Kwa sehemu. Chumbageni na Kange zisingeguswa na deni la kampuni. Lakini aliyepokea picha ni Mzee. Aliyechagua plasta ni Mzee. Mtu hujibu kwa uzembe wake mwenyewe hata akiwa mkurugenzi, na wakili wa Bibi angewashtaki wote wawili, kampuni na yeye. Ngao ya kampuni humfaa zaidi mwenye hisa asiyesimamia nyumba kwa mikono yake. Kwa mwenye vyumba vinane anayemwita fundi mwenyewe, inapungua sana.

Halafu kuna simu. Kodi za kampuni zikiingia kwenye laini ya Mzee na kutoka kulipia ada ya mjukuu, anampa mdai hoja ya kusema kampuni ni jina tu. Na benki ikiikopesha kampuni ndogo, kwa kawaida hudai dhamana binafsi ya wakurugenzi. Kwa deni hilo, ukuta unatobolewa na mwenyewe aliyeujenga.

Na gharama. Baada ya suluhu mwanawe alitaka Kange ihamishiwe kwenye ile kampuni. Tukapiga hesabu. Thamani ya 120,000,000, gharama za ujenzi 70,000,000, faida 50,000,000: kodi ya faida ya mtaji, yaani faida ya kuhamisha mali, kwa mkazi ni asilimia 10, yaani 5,000,000. Ushuru wa stempu asilimia 1, yaani 1,200,000. Ongeza mthamini, idhini ya benki, na kila mwaka hesabu za kampuni na kodi ya asilimia 30 ya faida, kisha kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa. Kwa nyumba nne za 200,000 kwa mwezi, ilikuwa kununua koti la mvua kwa bei ya paa. Tulimshauri aache. Kampuni isubiri jengo jipya, inunue kiwanja kwa jina lake tangu siku ya kwanza, iwe na akaunti yake.

Kilichokosekana hasa, na ambacho kingemfaa Mzee kuliko hayo yote, ni bima ya dhima kwa watu wengine. Bima yake ya moto ililinda matofali, na kwa kweli ililinda matofali ya benki. Bima ya dhima humlipa aliyeumia na hugharamia utetezi. Aliyoikata baadaye kwa Ngamiani, Kange na lile banda, ada yake ya mwaka ni chini ya kodi ya mwezi mmoja ya nyumba mbili za Kange. Hata hivyo isingekuwa muujiza: kampuni ya bima ikigundua kwamba mteja alijua ufa na hakuusema, ingekuwa na sababu ya kukataa kulipa. Na tukio lazima liripotiwe mapema. Anayekaa wiki sita akihamisha hati hupoteza hiyo nafasi pia.

## Hali ilivyo sasa

Mfuniko mpya una unene wa inchi sita, mchanga wa mtoni, nondo za milimita 12, na tundu la ukaguzi lenye kishikio. Uligharimu 1,100,000. Umezungushiwa ukingo mdogo wa tofali ili masufuria yasikae juu yake. Fundi wa umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, alipita nyumba zote, akakuta nyaya mbili za bafuni Ngamiani zikiwa wazi.

Wapangaji wa Ngamiani sasa wana mikataba ya ukurasa mmoja yenye namba ya kutoa taarifa ya ubovu, na Mzee ana daftari jipya la matengenezo lenye tarehe ya taarifa, tarehe ya fundi, kiasi, na risiti iliyobandikwa. Kodi zinaingia kwenye akaunti ya benki peke yake. Ile kampuni bado ipo BRELA bila mali. Kila mwaka Mzee hunipigia kuuliza aifute au aiache, nami humwambia alipe ada ya mwaka au aifute rasmi, asiiache ikizaa faini. Hajaamua.

Amebakisha awamu 11 kwa Bibi. Hutuma tarehe 5, na mara mbili Bibi amemjibu kwa kumtumia samaki kwa boda.